Wanaofundisha msituni nao wafundishwe

Mhariri,

Nimewaongoza wanafunzi msituni huku Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa miaka sita, na kuna jambo linaniuma. Mashirika ya elimu ya mazingira yanahubiri kwamba kila kiumbe kina nafasi yake, lakini ndani yao wenyewe nafasi hizo hazigawanywi kwa haki.

Mahali nilipofanya kazi, mafunzo ya wafanyakazi yalikuwa hotelini Kampala, kwa Kiingereza, kwa watu wa ofisini. Sisi tunaoshinda na watoto kwenye tope na mvua tulilipwa kwa siku, na siku ya kujifunza haikuhesabiwa kuwa siku ya kazi. Mzee mmoja Mtwa, yaani wa jamii iliyoishi katika misitu ya huku tangu zamani, ndiye aliyetuonyesha njia. Anajua nyuki hupenda mti upi na gome lipi ni dawa ya tumbo. Watoto walimsikiliza yeye kuliko yeyote kati yetu. Aliandikwa mbeba mizigo, akalipwa hivyo hivyo. Ikumbukwe kuwa Watwa waliondolewa Bwindi na Mgahinga misitu hiyo ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991. Kumpa mzee huyo cheo cha mwalimu, mshahara na kiti katika kikao cha kupanga masomo si hisani.

Mafunzo yaletwe msituni, kwa Kiswahili, Kifumbira au Kikiga, na muda huo ulipwe. Na akina mama wenye watoto wachanga, ambao ratiba za kulala kambini huwaacha nje, waulizwe kabla ratiba za muhula ujao hazijapangwa.

Mwongoza wanafunzi,
Kisoro