Mhariri, habari ya kuzeeka haiishii kwenye vidonge

Mhariri naomba nafasi kidogo. Ile makala yenu ya kuzeeka mama mkubwa kaikata na kaibandika ukutani, sa hivi anameza vidonge vya vitamini E kila siku maana mmeandika mwili unachakaa sababu ya sumu za oksijeni, yaani chembe kali zinazotokana na oksijeni mwilini, na vidonge vinazifagia, basi. Wazo la sumu si uongo, mwanasayansi Denham Harman alilitoa 1956, ila tangu hapo yamejulikana mengi na nyie mnatuachia nusu ya habari.

Nusu iliyobaki ni milango. Seli imezungukwa na utando, na kwenye huo utando kuna protini ambazo ni kama vimlango, kuna cha maji, kuna cha potasiamu, kuna cha kalsiamu. Peter Agre alipewa Nobel 2003 kwa kugundua cha maji. Baadae ikaonekana kumbe baadhi ya hivyo vimlango vya maji vinapitisha pia haidrojeni peroksaidi, ambayo ndo mojawapo ya hizo sumu mnazozisema! Na seli inaihitaji jamani, ikiwa kidogo inatumika kupelekeana taarifa, ikizidi ndo inaunguza, kwa hiyo kuifagia yote si kumsaidia mtu.

Halafu kuna mlango unaitwa TRPM2, sumu zikizidi ndani ya seli wenyewe unafunguka, kalsiamu inaingia kwa wingi na seli inaweza kufa. Mwingine wa potasiamu umechunguzwa kwa minyoo wadogo wa maabara, wanavyozeeka oksijeni inauharibu na hisia zao zinafifia, ila wale waliowekewa mlango usioharibika kirahisi walibaki na hisia nzuri zaidi. Hii ndo ilinigusa, kwamba uzee mwingine unaanzia mlangoni.

Na vidonge vina historia yake. Finland waliwapa wanaume wavutaji sigara kama 29,000 beta karotini (nayo ni ya kufagia sumu hizo) au vitamini E, matokeo yakatoka 1994, waliopewa beta karotini wakapata saratani ya mapafu asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Hiyo mbona haikuwepo kwenye makala?

Naomba mumtafute mtu wa baiolojia ya seli aandike upya, ukurasa uleule na herufi kubwa zilezile, nitaibandika mwenyewe juu ya ile ya kwanza.

Msomaji wenu wa siku nyingi