Kabla ya kuchomelea, wachore

Mhariri,

Huku kwetu Kisumu, na hata Nakuru, mambo ni yale yale, kijana anaunda ndege kwa mabati, mabomba na injini ya pikipiki, watu wanajaa, simu zinatolewa, mheshimiwa anapiga naye picha na kuahidi kumsomesha, halafu kitu kinakimbia uwanjani hakinyanyuki na stori inaishia hapo. Sicheki mtu, hao vijana ni mafundi kweli. Shida ni kuanza na kuchomelea, na hapo ndipo pesa inaisha.

Kuna programu ya kompyuta ya kuchora ndege inaitwa OpenVSP, ilitoka NASA ya Marekani na tangu 2012 ni ya bure, yeyote anaidaunlodi. Unaweka bodi, unaweka bawa, unaweka mkia, na huchori mstari kwa mstari, unabadilisha namba tu, bawa liwe mita ngapi ncha hadi ncha, lilale nyuma digrii ngapi, na umbo linabadilika hapo hapo unaliona, unaligeuza upande wowote.

Lakini utamu si picha bana. Ukishaipa uzito wa kila sehemu inakuonyesha kitovu cha uzito, yaani pale uzito wa mbele na wa nyuma unapolingana, kimekaa wapi. Ile ndege niliyoiona mimi injini na kiti cha rubani vyote vilikuwa nyuma ya mabawa, na uzito ukizidi nyuma hivyo pua inainuka yenyewe na hakuna rubani ataitawala, kwa hiyo afadhali hata haikuruka. Kwa skrini unasogeza injini mbele saa hiyo hiyo, kwa chuma ni kukata tena na kununua rodi zingine.

Pia kuna hii hewa yetu. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, Nakuru inapita 1,800, hewa ni nyepesi na jua la mchana linaifanya nyepesi zaidi, injini inapoteza nguvu na bawa linataka mwendo mkubwa ndio linyanyue, sasa mtu akikopi vipimo vya ndege ya watu wa pwani huko YouTube anashangaa mbona yake imekataa. Ndani ya OpenVSP kuna VSPAERO ya kukadiria bawa litabeba kiasi gani, ingawa pua ikiinuka sana hadi hewa iachane na bawa, hesabu zake usiziamini.

Sasa kaunti zetu zina vyuo vya ufundi na kompyuta zimo. Kimoja nakijua, kompyuta zimefunikwa plastiki, mlango una kufuli, unafunguliwa wageni wakija. Tunaomba programu hii iwekwe humo na fundi wa jua kali aruhusiwe kuingia hata kama si mwanafunzi. Kibali cha kuruka bado atakitafuta KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, hilo halina mjadala, lakini chumba kikifunguliwa hata Jumamosi asubuhi peke yake tutashukuru.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu