Aliyelihukumu Kanisa Kuu la Liverpool hakuingia ndani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba makanisa ya zege yaliyojengwa Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia hayana tofauti na maghala, na kwamba vioo vya rangi humo ni pambo la kuficha ubaya wa kuta. Mfano aliotoa ni Kanisa Kuu Katoliki la Kristo Mfalme la hapa Liverpool, ambako nimekuwa nikisali kwa miaka kadhaa. Kwa heshima zote, naona ameandika kama mtu aliyelitazama jengo hilo kutoka ng'ambo ya barabara kisha akaenda zake.

Kuhusu sura yake ya nje simbishii sana. Wenyeji wenyewe hulitania kwa kuliita faneli ya Mersey, mto wa mji huu, kwa kuwa ni jengo la duara linalopanda kama turubai lililovutwa juu hadi kwenye mnara wenye miiba. Hata hivyo umbo hilo halikuletwa na ukaidi wa msanifu. Kanisa lililokusudiwa mwanzoni, lililochorwa na Edwin Lutyens, lilikuwa kubwa kupita kiasi. Ujenzi wake ulianza mwaka 1933, vita vikausimamisha mwaka 1941, na makadirio ya gharama yakapanda kutoka pauni milioni 3 hadi milioni 27, hivyo kilichokamilika ni sehemu ya chini ya ardhi peke yake. Ndipo Askofu Mkuu John Heenan alipoitisha shindano jipya, akitaka kanisa ambalo waamini wataiona altare, yaani madhabahu, kwa karibu, na ambalo fedha za Jimbo lake zingeweza kulimaliza. Frederick Gibberd akashinda, kazi ikaanza mwaka 1962, na tarehe 14 Mei 1967 kanisa likawekwa wakfu. Linachukua watu zaidi ya 2,000, na hakuna aketiye zaidi ya mita 25 hivi kutoka altare, ambayo ni jiwe moja jeupe la marumaru lenye uzito wa tani 19.

Itazamwe miaka hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulikuwa ukiendelea Roma, na hati yake juu ya liturujia, yaani utaratibu wa ibada, ile ile iliyotufungulia sisi mlango wa kusali Misa kwa Kiswahili, ilitolewa Desemba 1963. Mchoro wa Gibberd uliitangulia hati hiyo, lakini vyote viwili vilitokana na hamu moja ya kutaka watu washiriki ibada badala ya kuitazama kwa mbali.

Sasa nije kwenye vioo, ambavyo ndivyo hasa vilivyonifanya nishike kalamu. Mnara wa kanisa hili, wenye uzito wa tani zipatazo 2,000, umesimama juu ya miguu 16 ya zege iliyopinda, na kuta zake zote ni vioo vilivyobuniwa na John Piper na Patrick Reyntiens. Humo hamna picha za watakatifu. Kuna rangi tatu zinazozunguka mnara na kuingiana taratibu, yaani njano, buluu na nyekundu, na katika sehemu tatu mwanga mweupe unapasuka katikati ya rangi hizo kuashiria Utatu Mtakatifu. Vioo vyenyewe si vile vyembamba vinavyoungwa kwa madini ya risasi kama katika makanisa ya kale; ni vipande vinene vilivyoshikizwa kwa gundi ya epoksi ndani ya fremu za zege. Altare iko chini ya mnara huo, kwa hiyo mwanga unaoiangukia umekwisha kupita katika rangi. Pembeni, kati ya vikanisa vidogo vinavyolizunguka jengo, mwanga hupenya kwenye michirizi myembamba ya vioo, ya buluu kwa sehemu kubwa, hata kuta nzito zikaonekana kana kwamba zimeachana na paa. Je, kitu kinachofanya kazi ya ukuta, dirisha na katekisimu, yaani mafundisho ya dini, kwa pamoja kinaitwaje pambo?

Mwenzangu angesema kwamba kanisa hili lilivuja, ningenyamaza. Lilivuja kweli, tena vibaya; vigae vidogo vilivyofunika zege kwa nje vikabanduka, na Jimbo likamdai msanifu pauni milioni 1.3 mahakamani, shauri ambalo hatimaye lilimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Kujenga kwa haraka, kwa fedha kidogo na kwa vifaa ambavyo bado havijapitia majira mengi ya mvua kulikuwa na bei yake, na kamati yoyote ya ujenzi wa parokia ingefaa kuisoma habari hiyo kabla ya kumlipa mkandarasi. Lakini kosa la paa na vigae lisibebeshwe vioo.

Akifika tena Liverpool, namwomba aje mwezi Juni, karibu na adhuhuri, siku ya kazi ambapo viti vingi viko wazi. Aketi popote, asitazame juu kwanza. Aitazame sakafu, maana doa jekundu alilolikuta mbele ya miguu yake litakuwa limehama kabla hajamaliza rozari.

Wenu,
Msomaji, Liverpool, Uingereza