Kikombe chako ulikiacha nusu

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, huku Mombasa sote wazima alhamdulillahi, joto tu ndo hilo walijua mwenyewe. Nakuandikia manake ile Ijumaa pale barazani uliondoka umenuna hata kahawa hukuimaliza, kikombe kikabaki hapo, muuza kahawa akawa aniuliza mwenzio arudi ama nikimwage. Tangu siku hiyo roho yangu haijatulia.

Ulisema kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pale majimbo ya Kusini yalipojitenga yakapigana na ya Kaskazini, mtu wa Kusini alikuwa wa Kusini na wa Kaskazini wa Kaskazini, hakuna wa katikati. Nimerudi kusoma na walahi siwezi kulikubali hilo. Kule Kusini kulikuwa na watumwa kama milioni 3 na nusu, wamezaliwa pale pale, sasa hao nao tuwahesabu upande wa mabwana zao? Wengi wakipata upenyo tu walikimbilia jeshi la Lincoln, rais wa upande wa Kaskazini, wakavaa sare yake.

Hata wazungu wenyewe. Oktoba 1862 Kusini ikapitisha sheria, shamba lenye watumwa 20 laweza kubakisha mzungu mmoja asiende vitani, na yule maskini wa mahindi yake mawili matatu aende akafe. Watu wakawa wasema hivi ni vita vya tajiri, wapiganaji ni maskini. Kaunti ya Jones huko Mississippi, Newton Knight na wenzake wakatoroka jeshi wakajificha kwenye mabwawa ya mto Leaf, wanawake wakiwapelekea chakula kwa siri, na baadhi yao walikamatwa wakanyongwa. Texas nako, mji wa Gainesville, Oktoba hiyo hiyo, wanaume kama 40 wakauawa kwa kushukiwa tu kwamba moyo wao uko na Muungano, yaani Kaskazini. Hebu fikiria, jirani uliyekuwa ukimwazima jembe leo ndo ashika kamba.

Kaskazini pia hawakuwa kitu kimoja. Ukiwa na dola 300 walipa, huendi jeshini, basi Julai 1863 New York ikalipuka, lakini hasira wakawashushia weusi, wakawaua, wakachoma mpaka nyumba ya mayatima yenye watoto zaidi ya 200, Mungu tu ndo aliwatoa wazima. Hapo nakubaliana nawe, si kila anayewapinga wa kwao ana haki.

Ila kilichonishika ni yule jenerali George Thomas, mtu wa Virginia, jimbo la Kusini, aliyebaki na jeshi la Muungano. Yasemekana dada zake waliigeuza picha yake ikatazama ukuta. Mimi hilo nimeliona kwetu, ule mwaka wa uchaguzi baba na ami hawakuamkiana miezi, nyumba moja, mmoja juu mmoja chini, na mamangu Ramadhani nzima akipanda ngazi na sahani ya futari ya ami ameifunika kwa kawa, kimya kimya, baba ajifanya haoni. Sasa mamangu alikuwa upande gani?

Ndo mana nilipaza sauti. Nisamehe kwa ile sauti, lakini neno lenyewe siliondoi. Ijumaa ntakuwa pale baada ya isha, na muuza kahawa nshamlipa kikombe chako.

Wako wa siku zote.