Martha alipewa fundisho, Mariamu akapewa machozi

Mhariri,

Katika Yohana 11 kuna sentensi inayosemwa mara mbili: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Martha anamwambia Yesu mstari wa 21, Mariamu mstari wa 32, baada ya ndugu yao Lazaro kufa. Majibu hayafanani. Martha anapewa fundisho, tena zito: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mariamu hapewi fundisho lolote. Yesu anaugua rohoni, anauliza walikomweka marehemu, kisha analia. Na hapo anajua fika kwamba Lazaro atatoka kaburini muda si mrefu. Sisi tumeshika jibu la Martha na kulitumia kwa kila mtu. Mfiwa hajafuta machozi, ameshasomewa Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wale wampendao.

Tumezoea kutenganisha "imani ya kichwa" na "imani ya moyo", ilhali Biblia haiujui mgawanyo huo. Kwa Waebrania moyo ndio uliofikiri na kuamua. Hisia za ndani kabisa zilikaa kwenye figo, ambazo tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya Union imeziita kwa staha "viuno": ndivyo Zaburi 7:9 inavyosema Mungu hujaribu mioyo na viuno. Injili nazo zinaposema Yesu aliwahurumia makutano, kitenzi cha Kigiriki kimetokana na neno la matumbo.

Sipigii debe kelele. Kinanda cha chinichini wakati wa mwito hugusa mwili kabla ya maneno kufika, ndiyo maana mtu hulia bila kujua analilia nini, na Jumatatu hana alichobaki nacho. Wanaoongoza sifa wajaribu hivi: zimeni vyombo vyote, someni maneno ya wimbo kwa sauti ya kawaida. Yakiwa mepesi hivyo, basi kilichokuwa kinawaliza watu ni spika. Jonathan Edwards, mhubiri aliyeshuhudia uamsho na kuutetea, aliandika mwaka 1746 kwamba ukali wa hisia na mwili kutikisika havithibitishi lolote, wala kwa wema wala kwa ubaya. Alitaja ishara 12 za namna hiyo, kisha 12 za kutegemewa, na ya mwisho ni matendo. Lakini huyohuyo alishikilia kwamba dini ya kweli kwa sehemu kubwa imo katika mapenzi ya moyo.

Hisia haiamrishwi, inaandaliwa nafasi. Chombo kizuri kuliko vyote ni zaburi za maombolezo, na ya kuanzia ni Zaburi 13 kwa sababu ina mistari sita tu. Tenga dakika 20. Soma kwa sauti, polepole, mara mbili. Mistari miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Katika kila moja simama, useme lako. Hapo "najisikia vibaya" haitoshi. Lugha yetu ina majina ya kutosha: ni kinyongo, fadhaa, aibu, wivu, upweke, majuto? Asiyejua jina la anachohisi hawezi kukikabidhi kwa Mungu. Mstari wa 3 na wa 4 ni ombi, nalo liwe moja na liwe wazi. Ndipo mstari wa 5: "Nami nimezitumainia fadhili zako."

Kosa la kawaida ni kukimbilia mstari huo wa 5. Mtu mzuri wa dini huona haya kumuuliza Mungu "hata lini", basi anaruka malalamiko na kuanza na shukrani. Matokeo yake anasali kwa adabu kuhusu mambo yasiyomsumbua, na yanayomsumbua anarudi nayo nyumbani. Ukifika mwisho wa dakika 20 bado uko mstari wa 2, ishia hapo, kesho uendelee. Zaburi ya 88 haifikii shukrani kabisa. Inaishia gizani, na bado ni neno la Mungu.

Ibadani, zaburi moja ya namna hii kwa mwezi inatosha kuanzia. Asome mtu mmoja aliyejiandaa, kisha kimya cha dakika mbili. Tangazeni kimya hicho mapema, la sivyo sekunde ya 15 kuna atakayeanza "haleluya" na fundi mitambo ataanza kukagua kipaza sauti. Wimbo unaofuata uwe wa taratibu. Ukibandika pambio la kuchezea hapohapo, umewaambia watu kwamba huzuni yao ilikuwa inachelewesha ratiba.

Kuhusu ukavu, yaani siku ambazo husikii kitu moyoni: si ushahidi kwamba imani imekufa. Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki wa karne ya 16 aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, alishauri kwamba wakati wa ukiwa wa rohoni mtu asibadilishe uamuzi alioufanya akiwa na utulivu, bali aongeze kidogo muda wa sala. Kwa maoni yangu tahadhari hiyo inafaa pia upande wa pili. Furaha ya mkesha si mahali pa kuamua kuacha kazi au kuchumbia. Acha zipite siku saba, kisha lijadili na mtu asiyekuogopa.

Viongozi mjue pia mpaka wa zaburi. Aliyefiwa akikosa usingizi au hamu ya kula wiki baada ya wiki, mpelekeni kwa daktari au mshauri nasaha, na mwendelee kusali naye. Akisema hataki kuishi, msingoje wiki: mpelekeni siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Wala msimwambie apunguze kulia kwanza.

Mwalimu wa Biblia