Mbuzi wa sherehe ana ngozi pia

Mhariri,

Krismasi ikifika hapa Njoro, mbwa ndio hula ngozi. Mbuzi anachinjwa, nyama inaingia jikoni, ngozi inatupwa nyuma ya choo. Ukiuliza, utaambiwa wanunuzi siku hizi hawatoi kitu. Ni kweli, wala simwahidi mtu pesa. Ila mimi, mwalimu mstaafu nisiye na kiwanda, nimetengeneza ngozi nne uani kwangu, na mbili za kwanza niliziharibu.

Ya kwanza iliharibika hata kabla haijafika kwangu. Mchinjaji alikuwa na haraka, kisu kikatoboa mgongo mara tano. Sasa namwomba apasue tumboni na miguuni tu, kisha aweke kisu chini achune kwa ngumi, akiisukuma kati ya ngozi na nyama. Ngozi hutoka kama fulana inayovuliwa. Papo hapo naipaka kilo nzima ya chumvi upande wa nyama na kuilaza mahali penye mteremko ichuruzike. Wanaoianika juani mbichi hupata kitu kigumu kama bati, nacho ndani kimeshaanza kuoza. (Mnyama aliyekufa ghafla msimguse kabisa, huenda ni kimeta. Mwiteni daktari wa mifugo.)

Baada ya kuisafisha chumvi, nailoweka kwenye maji ya chokaa siku kadhaa, hadi manyoya yang'oke kwa kidole gumba. Naitandaza juu ya gogo na kuikwaruza kwa mgongo wa panga pande zote mbili, halafu naisuuza mpaka utelezi uishe. Maji hayo ya chokaa nayamwaga shimoni. Mto Njoro huishia Ziwa Nakuru, na heroe (flamingo) wa huko hawajanikosea.

Dawa yenyewe ya kuivisha ngozi ni magome ya mti wa muwati, ambayo wachoma makaa huku wanayaacha yakilala shambani. Nayaponda, nayachemsha. Hapo ndipo nilipoiharibu ile ya pili. Kwanza nilitumia pipa la chuma, na maji ya magome yakikutana na chuma huwa meusi kama wino. Pili, nilianza na maji makali nikidhani nitawahi. Juu ikaiva, katikati ikabaki mbichi, nyeupe. Sasa natumia pipa la plastiki, naanza na maji mepesi kama chai ya rangi, naongeza ukali kila baada ya siku chache. Wiki tatu hivi. Nakata kipande kidogo shingoni, palipo pazito: rangi ikiwa imepenya hadi kati, naitoa.

Mwisho ni mafuta ya kondoo na mikono. Inapokauka kivulini uivute na kuisugua kwenye mti muda wote. Ukienda kulala kabla haijalainika, asubuhi umeamkia ubao.

Ile yenye madoa ya wino sikuitupa. Nimeiwamba kwenye kigoda, na ndicho nilichokalia nikiandika barua hii.

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Nakuru