Kikao cha matunzo ya magobore (bunduki za kushindilia baruti mdomoni): Jumamosi

Shikamooni wazee, na habari zenu ndugu wengine. Masika yanakaribia na unyevu ndio adui wa mtutu, kwa hiyo tukutane kabla mvua hazijaanza.

Siku: Jumamosi hii, saa 4 asubuhi, ofisi ya kijiji. Polisi kata amejulishwa na atakuwepo.
Mchango: Sh 5,000 kwa mafuta ya bunduki, brashi na vitambaa vya pamba. Mtumie mhazini kabla ya Alhamisi.

Njoo na gobore, mdeki (fimbo ya kushindilia) na leseni yako. Baruti na fataki (vifuniko vidogo vya kuwashia baruti) zibaki nyumbani, kwenye kisanduku chenye kufuli, mbali na jiko na mbali na silaha yenyewe.

Kabla ya kutoka, tafadhali sana, hakikisha gobore halina baruti wala risasi ndani. Kama una mdeki uliotiwa alama ya mtutu mtupu, yaani alama inayofika usawa wa mdomo mtutu ukiwa hauna kitu, uingize taratibu, mdomo wa mtutu ukiwa mbali nawe. Alama ikibaki juu ya mdomo, ndani kuna kitu. Usilifyatue, usijaribu kukichokoa, wala usilibebe. Nipigie, tumlete fundi. Magobore ya urithi ndiyo yanayonitia hofu zaidi, maana aliyeyashindilia huenda hayupo tena.

Tutaosha masizi kwa maji moto na sabuni, tukaushe, tupake mafuta. Masizi ya baruti hunyonya unyevu na kuleta kutu upesi. Wanaohifadhi gobore kwenye ala ya ngozi, litoeni leo hii, maana ngozi nayo hushika unyevu.

Jibuni hapa NAKUJA au SITAFIKA kabla ya Alhamisi saa 2 usiku.